Mifupa 206, au Zaidi

Mwaka jana, wiki ya tatu ya semista ya kwanza, mwenzangu wa chumbani aliangushwa na bodaboda pale kwenye kona ya kuingilia chuoni. Wanaoijua kona ile wanaijua: mchanga umejaa, na kila dereva anaamini breki ni za waoga. Dereva alichubuka goti. Mwenzangu, ambaye hakuvaa helmeti (asinikasirikie, amenipa ruhusa niandike kila kitu isipokuwa jina lake), alipiga paji la uso chini, akainuka mwenyewe, akajikung'uta vumbi, swali lake la kwanza likawa simu yake iko wapi.

Jioni kichwa kikaanza kumuuma, akatapika. Tukampeleka hospitali, na nasema mapema kabisa kwamba tulifanya sawa, na hata leo ningempeleka. Kufikia saa tatu usiku alikuwa ameshapigwa eksirei ya kichwa. Tabibu wa zamu akaiinua ile filamu kwenye taa, akaitazama kwa muda, kisha akatuonyesha kwa ncha ya kalamu mstari mwembamba mweusi ulioshuka katikati ya paji, kutoka juu kichwani hadi karibu na pua.

"Mnaona hapa? Fuvu limepasuka."

Jamani, neno hilo lina miguu. Kabla sijapata hata pa kukaa, CR alikuwa ameshalipata, kundi la kozi limeanza kuchanga, na saa tano usiku mama yake huko Singida akapiga simu. Nikaweka spika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, nimeambiwa fuvu limepasuka. Sasa mbona unaongea?"

Hakuwa na jibu, na mimi sikuwa nalo. Asubuhi mama akauza mbuzi wanne kwa bei ya mtu mwenye haraka, akapanda basi. Mwenzangu alilala chali siku tatu, amekatazwa hata kugeuza shingo, akisubiri rufaa ya sitiskani kwenye hospitali nyingine. Siku ya nne akapigwa. Ripoti ikaandikwa na daktari bingwa wa radiolojia: hakuna mvunjiko, hakuna damu iliyovujia ndani ya kichwa. Mstari ule ulikuwa mshono wa metopiki uliobaki wazi. Tofauti ya kawaida ya maumbile.

Yaani mstari ule alizaliwa nao.

Ngoja nieleze, kwa sababu mwenzenu mimi ninasomea ualimu wa Biolojia, na bado nilikuwa silijui jambo hili. Mfupa wa paji la uso, ambao kwenye mchoro wa kitabu ni kipande kimoja kipana kama kigae, huanza ukiwa vipande viwili, kulia na kushoto. Mtoto huzaliwa navyo hivyohivyo. Kati yake kuna mshono unaopanda kutoka juu ya pua hadi kwenye utosi, ule utosi ambao kila bibi anajua kuushika kwa upole akimwogesha mtoto. Kuwa na vipande vingi kunasaidia: kichwa kinaweza kubanwa kidogo wakati wa kuzaliwa, na ubongo unaokua mbio katika mwaka wa kwanza unapata nafasi. Mishono mingine ya fuvu hubaki hadi utu uzima. Huu wa paji ndio wenye pupa. Kwa watoto wengi hujifunga kati ya mwezi wa 3 na wa 9, ukianzia puani kwenda juu, na baadaye hata ukitafuta alama yake unaweza usiione.

Ila kuna watu ambao haujifungi. Wanakua, wanaota ndevu, wanajiunga na chuo kikuu, wanapanda bodaboda bila helmeti, na mshono wao bado upo kama siku ya kwanza. Hauumi. Hautibiwi. Hauna dalili yoyote. Idadi ya watu hao hutofautiana kulingana na nani amechunguzwa: kuna makundi ambako ni karibu mtu 1 kati ya 100, na mengine wanakaribia 10 kati ya 100. Chukua hiyo ndogo kabisa. Ukumbi wetu mkubwa wa mihadhara ukijaa, kuna uwezekano mzuri kwamba mmoja wenu amekaa hapo na mapaji mawili, na hatajua mpaka siku atakayopigwa picha ya kichwa kwa sababu nyingine kabisa.

Na hapo ndipo penye balaa, maana kwenye eksirei mshono na ufa vyote ni mistari myeusi. Mwenye uzoefu ana namna ya kuvitofautisha. Mshono huu hukaa katikati, unaanzia na kuishia panapojulikana. Kingo zake mara nyingi zina meno meno kama ya msumeno, na pembeni yake mfupa umekolea weupe, kwa kuwa umekaa hivyo miaka yote. Ufa mpya huwa umenyooka na wenye kingo kali, hauna huo weupe, unaweza kuparamia mishono mingine bila adabu, na mara nyingi nyama ya juu yake imevimba. Kuna mtego lakini: eksirei ni picha bapa, inalaza mbele na nyuma ya kichwa kwenye karatasi moja, kwa hiyo hata mshono wa kisogoni unaweza kujitokeza kana kwamba uko usoni. Na mwenzangu paji lilikuwa limevimba kweli, si alianguka nalo? Sitiskani inakata kichwa vipande vyembamba, na kompyuta inaweza kuviunganisha tena ukaliona fuvu zima kama umelishika mkononi. Hapo ubishi unaisha.

Kwa hiyo simlaumu tabibu kwa kuushuku ule mstari. Mtu ameanguka, ametapika, kichwani kuna mstari mweusi, usiku huo hakuna bingwa wa kumuuliza. Mabingwa wa radiolojia nchini ni wachache na wengi wako mijini. Angesema "kuna mstari hapa siuelewi, tumlinde mpaka tupate kipimo kikubwa," ningempigia makofi. Yeye alisema "limepasuka". Kati ya sentensi hizo mbili kuna mbuzi wanne wa watu.

Lakini si tabibu aliyenifanya niandike makala hii. Kilichonifanya niandike ni yaliyofuata baada ya ripoti nzuri kupatikana, kwa sababu huko ndiko hasara kubwa ilikotokea, na huko ndiko sisi tunaosomea ualimu tunahusika.

Ripoti ilikuwa ya Kiingereza, aya tatu. Aliyemkabidhi akamwambia, "Uko sawa, nenda nyumbani." Basi. Mwenzangu akaisoma kwenye daladala, akakutana na lile neno la mwisho, "varianti". Sasa neno hilo sisi wa rika hili tulijifunzia wapi? Korona. Varianti ni kile kinachotangazwa kwenye taarifa ya habari halafu mipaka inafungwa. Akanigeukia: "Kwa hiyo mimi ni varianti?" Tukacheka. Mimi niliendelea kucheka yeye akiwa ameshanyamaza.

Usiku akaingia intaneti. Akasoma habari za watoto ambao mshono huohuo hujifunga mapema mno, paji likachongoka kama omo ya jahazi, wengine wakafanyiwa upasuaji. Hiyo ni hali nyingine kabisa, ni kinyume cha ya kwake, ila saa nane za usiku, ukiwa kitanda cha juu cha dabodeka na simu ina asilimia 9, nani anasoma kwa makini? Aliona jina la mshono wake na neno upasuaji kwenye ukurasa mmoja, akafunga hesabu.

Kuanzia hapo akawa mtu mwingine. Alilala mkono ukiwa juu ya paji. Akaacha mpira, na alikuwa beki wa kati, mtu wa kupiga vichwa. Akaacha kubeba ndoo. Lekcha za asubuhi akawa haendi, anasema kichwa kinamfunguka. Nilimwambia mara ngapi kwamba ripoti imesema yuko sawa? Alinijibu kwamba ripoti imesema ana ufa wa kawaida, na kwamba ufa hauwezi kuwa wa kawaida. Akakosa majaribio mawili. Mwisho wa semista akasaini fomu ya kuahirisha mwaka.

Aliyemtoa humo alikuwa mwanafunzi wa udaktari, mwaka wa tano, jamaa wa kwao aliyekuja kumjulia hali. Tulikaa kwenye kimbweta. Akachora fuvu nyuma ya karatasi ya notisi, akachora mstari, akaeleza yale niliyoyaeleza hapo juu, akachukua mkono wa mwenzangu akampitisha kidole kwenye paji lake mwenyewe. Akamwambia mfupa uko imara, ni kama shati lililoshonwa vipande viwili mbele: lina mshono, halijachanika. Zilikuwa dakika kumi, au kumi na mbili. Fomu ilikuwa imeshapokelewa. Leo mimi niko mwaka wa tatu na yeye anarudia wa pili na wadogo zetu.

Nimefikiri sana kwa nini dakika hizo kumi zilihitajika kwa mtu aliyefaulu Biolojia kidato cha sita. Jibu langu ni kwamba alifundishwa mwili mmoja. Tangu darasa la awali ameona fuvu moja, lile la kwenye chati, lenye mifupa 22, minane ya kichwa na kumi na minne ya uso, wala hakuna siku mwalimu alimwambia kwamba lile ni fuvu la mfano. Mtu aliyekaririshwa kwamba paji ni mfupa mmoja akiambiwa lake ni miwili, atajiona ni mbovu. Kitabu hakikumwachia nafasi nyingine.

Na mimi nilikuwa njiani kwenda kumfundisha mwingine hivyohivyo. Mwezi wa saba nikaenda kufundisha kwa mazoezi, shule ya kata, kidato cha tatu, wanafunzi 70 na chati moja iliyochanika kwenye taya. Nikafundisha mifupa. Nikatoa jaribio. Swali la nne: mtu mzima ana mifupa mingapi? Binti mmoja aliandika kwamba ni 206, lakini watu wengine wanaweza kuwa nayo zaidi. Nikampa kosa. Mwongozo wa kusahihishia nilikuwa nimeuandika mwenyewe: 206.

Wakati wa kurudisha karatasi akanyoosha mkono. Nikamuuliza, umeitoa wapi hiyo zaidi? Akasimama, mikono nyuma. "Mwalimu, bibi yangu ana vidole sita mkononi. Nikafikiri hicho kidole cha sita nacho kina mifupa yake."

Darasa likacheka. Mimi nilisimama pale na chaki mkononi, mimi niliyeishi chumba kimoja na mtu mwenye mapaji mawili, ambaye kwa hesabu za kawaida naye ana 207, na nikaona aibu ambayo sijaisahau. Nilichukua ile karatasi nikafuta kosa nikaweka vema. Halafu nikafanya kitu ambacho hakikuwa kwenye andalio la somo: nikachora fuvu ubaoni, nikachora mshono wa paji, nikawaambia habari ya mwenzangu. Nikawaambia pia kuhusu vifupa vidogo vinavyoota ndani ya mishono ya fuvu, ambavyo watu wengi wanavyo na vimepewa jina la Ole Worm, daktari wa Denmaki wa karne ya 17. Hawajawahi kunisikiliza vile. Kengele ililia wakauliza maswali.

Mwalimu mlezi wangu, mtu mwema aliyenifundisha mengi, aliniita ofisini. "Mwalimu, umefanya vizuri, lakini kwenye mtihani wa taifa wakiandika hivyo watakatwa." Hoja hiyo siidharau. Mtoto wa shule ya kata hana alama za kuchezea, na siyo haki mimi nifurahie ukweli halafu yeye alipe gharama. Ila nadhani tunaweza kumfundisha mtu jibu la mtihani na pia kumwambia jibu hilo ni la aina gani. Inachukua sentensi moja: "Kwa kawaida ni 206, wengine huzidi au kupungua kidogo, nao ni wazima." Kwenye hesabu tunawafundisha wastani, tunawaambia wastani wa urefu wa darasa ni fulani, na hakuna anayerudi nyumbani akilia kwa sababu yeye hana urefu huo. Kwenye mifupa tunachukua wastani tunaugeuza sheria.

Wanaosoma picha hizi wenyewe walishaliona tatizo. Wilhelm Röntgen aligundua miale ya eksirei mwaka 1895, na haikuchukua muda kabla madaktari hawajaanza kukutana na mistari, matobo na vifupa ambavyo havikuwa ugonjwa wowote. Mwaka 1973 Mmarekani Theodore Keats alitoa atlasi nzima ya mambo hayo: picha kwa picha za maumbile ya kawaida yanayoweza kudhaniwa ni maradhi. Ni kitabu kinene, kimechapwa tena na tena. Hebu fikiria, uzima peke yake umejaza kitabu kinene. Humo mna mifereji ya mishipa ya damu inayolala kwenye fuvu kama ufa, mna mishono, mna paji kama la mwenzangu. Daktari wa picha anafundishwa kuwa uzima una sura nyingi kabla hajaruhusiwa kusema mtu ni mgonjwa. Sisi tunaotangulia kumfundisha mgonjwa mwenyewe tunampa sura moja.

Tena ndani ya mfupa huohuo wa paji, juu ya macho, kuna vyumba vya hewa. Ukubwa na mchoro wake haufanani kwa watu wawili, hata mapacha wa kufanana, na wapo watu wasio navyo kabisa. Tofauti hiyo imekuwa msaada: mwaka 1927 madaktari wawili wa Marekani, Culbert na Law, walichapisha habari ya maiti waliyoitambua kwa kulinganisha picha za vyumba hivyo vya hewa na picha alizopigwa marehemu akiwa hai. Najiuliza mwenzangu angeanzia kwenye habari hiyo badala ya ile ya saa nane usiku, angelala vipi.

Kuna rafiki yangu wa kozi aliyenipinga kwa njia nyingine. Anasema tukiwaambia watu kwamba mstari kichwani unaweza kuwa wa kawaida, mtu ataanguka apasuke kweli akae nyumbani akisema ni mshono. Naielewa hofu hiyo, lakini mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu hatajisomea eksirei. Atakachopata ni swali la kumuuliza daktari. "Huo mstari ni ufa, au ni mshono?" Swali hilo moja, usiku ule, lingeweza kumfanya tabibu aitazame filamu mara ya pili. Mimi nilikuwa nimesimama palepale, mwanafunzi wa Biolojia wa chuo kikuu, na sikuwa na swali.

Ninaloomba ni dogo. Ninyi mnaokwenda kufundisha mwezi wa saba, mkifika kwenye mifupa, wekeni ile sentensi moja. Mkiwa na chati, andikeni chini yake kwa kalamu kwamba huyu ni mfano. Na wenzetu wa vyuo vya afya mnaosoma gazeti hili: ripoti ikisema tofauti ya kawaida, msimpe mtu karatasi mkamwambia aende. Mchoreeni. Nyuma ya karatasi yoyote inatosha.

Mwenzangu amepiga picha ile ripoti akaihifadhi kwenye simu, ili siku akianguka tena asilazwe chali kwa mshono aliozaliwa nao. Amerudi uwanjani, vichwa bado anavikwepa kidogo. Helmeti anavaa. Likizo iliyopita alinialika kwao Singida. Usiku, baada ya chakula, mama yake alimwita akae karibu, akampitishia kidole kwenye paji polepole, kutoka kwenye nywele hadi puani, akitafuta. Hakuhisi kitu. Akajishika na la kwake, hivyohivyo.

"Na mimi ninao?" akaniuliza, kwa kuwa ndiye mwalimu niliyekuwepo.

Nikamuuliza kama amewahi kupigwa picha ya kichwa.

"Kichwa? Mimi? Lini?"